Eustaki Apima Laptopu kwa Mkono

Ukimpa Eustaki wa Katindiuka, Ifakara, kiroba cha mpunga, hahitaji mzani. Anakinyanyua mara moja, anakiweka chini, kisha anakwambia kina kilo ngapi. Atakwambia pia kama kina mapepe. Mapepe ni punje tupu, ganda lisilo na mchele ndani. Mpunga wenye mapepe ni mwepesi, na mpunga mzuri ni mzito. Eustaki aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Wanunuzi wa Ifakara waliacha kubishana naye zamani.

Majirani humwita Baba Adolf. Adolf ni mtoto wake wa kwanza. Miaka miwili iliyopita, Adolf alisema hataki kulima mpunga. Alitaka kwenda Mwanza kufanya kazi ya kuchomelea vyuma. Baba na mwana walirushiana maneno makali, na hakuna aliyekubali kushuka. Adolf akaondoka. Tangu siku hiyo, Eustaki akipiga simu, kijana anamwamkia, anasema yeye ni mzima, na mazungumzo yanaishia hapo. Jirani akimwita Baba Adolf, Eustaki anaitika, lakini jina hilo linamchoma.

Aliyebaki akiongea vizuri na Adolf ni mdogo wake, Levina. Hao wawili walikuwa wakicheza gemu ya mpira kwa mtandao. Levina yuko Ifakara, Adolf yuko Mwanza, na wanaongea kupitia kompyuta huku wanacheza. Levina alikuwa akitumia laptopu ya rafiki yake Siwema. Jumapili moja baada ya misa, Eustaki alikwenda kumfuata binti yake nyumbani kwa Siwema. Alipokaribia dirisha, akasikia sauti ya Adolf. Adolf alikuwa anacheka. Eustaki alisimama nje, kofia mkononi, mpaka kicheko kikaisha. Kisha akarudi nyumbani bila kupiga hodi. Hakumwambia mtu, hata mkewe Aurelia.

Baadaye Siwema alihamia Dodoma na laptopu yake. Gemu ikaisha, na kicheko nacho.

Mwaka huu Levina alianza masomo katika chuo kimoja pale mjini. Kila asubuhi huenda kwa baiskeli na jioni hurudi nyumbani. Walimu walisema kila mwanafunzi awe na laptopu. Mpunga ulipouzwa, Eustaki akamwita binti yake.

"Tutanunua laptopu," alisema. "Lakini iwe inayoweza kucheza ile gemu yenu ya mpira."

Levina alimtazama. Huyu ndiye baba aliyekuwa akisema gemu ni kazi ya wasio na kazi.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Kavae viatu twende."

Walikwenda kwenye duka la Jeremia, karibu na soko. Jeremia anauza simu, redio, pasi na laptopu zilizokwisha kutumika. Aliweka laptopu mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, ina kioo cha inchi kumi na saba. Vitufe vyake viliwaka taa nyekundu. Ya pili ilikuwa ya kijivu, ya inchi kumi na tano. Haikuwa na taa wala mapambo yoyote.

Eustaki hakuziangalia sana. Alizinyanyua. Ile ya kijivu aliishika kwa mkono mmoja, akakunja uso.

"Hii ina nini ndani?"

"Ni kompyuta kamili, mzee," Jeremia alisema. "Lakini kama unataka ya gemu, ni hii nyeusi. Si unaziona taa zake?"

Eustaki akainyanyua ile nyeusi. Ilikuwa nzito kwelikweli. Akaichezesha kidogo mikononi, kama anavyofanya na kiroba, na uso wake ukatulia.

"Hii ndiyo yenye mchele," alisema. "Ile nyingine ni mapepe matupu."

Levina alisita. Si rahisi kumwambia Eustaki kwamba amekosea kupima kitu. Mwisho akajikaza.

"Baba, tumwite kwanza dada Sumayya aiangalie."

"Mimi nifundishwe kupima?"

"Kupima mpunga hapana. Lakini tukikosea hapa, tunasubiri mavuno mengine."

Eustaki akaiweka ile nyeusi mezani. Aliwaza mwaka mzima wa kusubiri. Aliwaza pia jambo ambalo Levina hakulijua. Mwaka mzima bila kusikia kile kicheko ni mrefu mno.

"Haya, kamwite," alisema.

Sumayya ni binti wa Mzee Abdulswamad, muuza vitambaa. Anakaa Lipangalala na ana kibanda cha kutengeneza kompyuta mtaa wa pili. Alikuja na begi dogo begani.

"Shikamoo, Baba Adolf."

"Marahaba, mwanangu. Habari za mzee?"

"Mzee mzima, anakusalimu. Naambiwa mmeshachagua."

"Nimechagua hii nzito."

Sumayya hakucheka. Alivuta kiti, akakaa.

"Baba Adolf, gunia la mpunga likija limeshonwa vizuri, linapendeza, unalinunua hivyohivyo?"

"Thubutu. Natia bambo kwanza." Bambo ni kile kibomba chenye ncha kali kinachochomwa kwenye gunia ili kutoa punje za katikati.

"Basi na hizi tuzitie bambo," Sumayya alisema. "Levina, mnacheza gemu gani? Tuanze hapo. Gemu nyingine ni nyepesi, nyingine zinahitaji mashine yenye nguvu. Kila gemu imeandikwa inahitaji nini. Mtu asome hayo kabla ya kwenda dukani."

Levina akamtajia. Sumayya akatafuta kwenye simu yake, akawasomea. Kisha akawasha ile nyeusi na kufungua ukurasa unaoonyesha vitu vilivyomo ndani ya mashine.

"Njoo uone, Baba Adolf. Kitu cha kwanza kwa gemu ni kadi ya picha. Hiyo ndiyo inayochora wachezaji, uwanja na mpira, upesi upesi, bila kukwama. Laptopu ya gemu inakuwa na kadi yake peke yake. Hii haina. Inachora kwa kuazima nguvu ya sehemu nyingine."

"Na hizi taa?"

"Taa ni taa tu. Ukikata nyaya zake, gemu haitajua."

Jeremia alijikuna kichwa. Sumayya akaendelea, anaonyesha kwa kidole.

"Hapa ni RAM. Hiyo ni kama uwanja wa kuanikia mpunga. Ukiwa mdogo, unaanika kidogo kidogo na kazi haiendi. Hii ina gigabaiti nne. Kwa gemu yenu, walau nane, na kumi na sita ni nzuri zaidi. Hapa napo ni diski, ghala lenyewe. Hii ni diski ya zamani, inayozunguka. Siku hizi tafuteni SSD, inafungua vitu haraka."

"Sasa uzito wote huu unatoka wapi?" Eustaki aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ni kioo kikubwa, bodi nene na umri. Zamani zilitengenezwa hivyo."

Eustaki alitazama mikono yake. Ilikuwa imemlisha miaka arobaini, na leo ilitaka kumpeleka nyumbani na mzigo usio na kitu. Aliona aibu, na hakuificha.

Sumayya akaifungua ile ya kijivu. Ilikuwa na kadi yake ya picha. Ilikuwa na SSD. RAM ilikuwa gigabaiti nane.

"Nane inatosha kwa kuanzia," alisema. "Na aina hii ina nafasi ya kuongeza nyingine baadaye. Hilo mliulize kila mara, maana kuna laptopu zisizoongezeka. Kadi ya picha ndiyo isiyobadilishika karibu katika kila laptopu. Ukikosea hiyo, umekosea."

"Na ukubwa?" Levina aliuliza. "Si ni bora kioo kikubwa?"

"Ungekuwa unaiweka mezani siku zote, sawa. Wewe unapanda baiskeli kila siku. Ya inchi kumi na saba itakuchosha, na haitaingia kwenye begi lako. Zile ndogo sana nazo hupata moto upesi zikicheza gemu, maana ndani hakuna nafasi ya hewa. Inchi kumi na tano au kumi na sita ni ya katikati. Unasoma vizuri, unacheza vizuri, unabeba."

"Maneno nimeyasikia," Eustaki alisema. "Sasa nataka kuona."

"Hapo umesema," Sumayya alijibu. Alitoa kwenye begi diski ndogo anayobebea gemu za kujaribia mashine, na ile yao ikiwemo, akaiingiza kwenye mashine zote mbili. Ilichukua muda. Jeremia aliwaletea soda.

Walianza na ile nyeusi. Levina akacheza. Mchezaji aliinua mguu, akaganda. Mpira ukawa hapa, kisha ghafla uko kule. Baada ya dakika chache kila kitu kikasimama. Taa nyekundu ziliendelea kuwaka vizuri sana.

Wakahamia kwenye ile ya kijivu. Mpira ulitiririka. Sumayya hakuridhika upesi, akasema wacheze dakika ishirini, kwa sababu laptopu nyingine huanza vizuri na kulegea zikipata joto. Alimwambia Eustaki aweke kiganja pembeni ya mashine, kwenye matundu.

"Unasikia upepo?"

"Nausikia. Una joto."

"Ndivyo inavyotakiwa. Feni inatoa moto nje. Nyumbani msiiweke juu ya kitanda, godoro linaziba haya matundu. Na kwa kuwa mko jirani na mashine ya kukoboa, vumbi la pumba litaingia. Iwe inafunikwa, na kila baada ya miezi michache mniletee niisafishe. Gemu hula sana betri, kwa hiyo chezeni ikiwa kwenye umeme, na chaja iwe ya mashine hii hii."

Dakika ishirini ziliisha na mpira bado ulikuwa unakimbia. Jeremia alikohoa.

"Mzee, sikutaka kukudanganya. Hata mimi, yule niliyenunua kwake aliniambia nyeusi ndiyo ya gemu."

"Hata mimi nilijidanganya, na hakuna aliyenishika mkono," Eustaki alisema. "Tuandikie risiti ya hii ya kijivu."

Sumayya akahakikisha kwamba risiti ina namba ya mashine, na kwamba waranti ya mwezi mmoja imeandikwa na kupigwa muhuri, isibaki mdomoni.

Jumamosi mchana Levina aliiweka laptopu juu ya meza sebuleni. Akaunganisha mtandao wa simu, akafungua gemu. Aurelia alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Eustaki alijifanya anatengeneza mpini wa jembe karibu na mlango. Kwa kweli mpini haukuwa na tatizo lolote.

Sauti ya Adolf ikaingia ndani ya nyumba.

"Levi! Umepotea sana. Mbona leo hukwami? Umepata wapi mashine?"

"Baba kaninunulia."

"Baba? Ya gemu?"

"Ya masomo na ya gemu. Alisema mwenyewe."

Kwenye kioo wachezaji wa Adolf walisimama, na Levina hakuwafunga. Aurelia akaacha kuchagua mchele. Eustaki aliuweka mpini chini. Alikuwa na maneno mengi ya miaka miwili.

"Yupo hapo?" Adolf aliuliza.

"Yupo."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Eustaki alisogea mezani, akakaa kwenye kiti cha pembeni. "Hujambo?"

"Sijambo, baba. Mimi nacheza kwa kuazima laptopu ya jamaa wa hapa kazini. Nataka ninunue yangu. Nimeona moja mtaani, kubwa, ina taa nzuri sana."

Eustaki akakaa vizuri.

"Ina kadi yake ya picha?"

"Kadi gani?"

"RAM ni ngapi? Inaongezeka, au ndiyo hiyo hiyo? Umeicheza dakika ishirini ukaweka kiganja kwenye matundu?"

Adolf alianza kucheka, taratibu, kisha kwa nguvu, kile kicheko chenyewe. Aurelia aliinamisha kichwa juu ya ungo akafuta macho kwa upande wa khanga. Eustaki hakucheka. Alikuwa amekazia kile kioo macho, kana kwamba mwanawe yumo mle ndani.

"Sikiliza, Adolf," alisema. "Usilipe kitu. Kesho nenda ukaiangalie tena, na ukifika pale dukani nipigie. Nipigie kabla hujaishika."

"Sawa, baba. Nitakupigia."