Jina la Mkanyaga Nguo

Zama zile Wareno walipokuwa wangali wakijidai mabwana wa pwani, na kila mji wa visiwa vya kaskazini ukiwa na mfalme wake, pembe yake ya siwa na ugomvi wake, ulikuwapo mji ulioitwa Ungamwe. Ulikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, na wafumi ambao nguo zao zilivaliwa na wafalme wa mbali. Katika mji huo aliishi Mwingereza mmoja. Merikebu yake ilipasuka mwambani. Watu kumi na wanne walifika ufukoni, na homa ikawachukua kumi na watatu. Aliyebaki aliitwa Tomasi Walker, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye nywele za rangi ya kutu.

Siku alipopelekwa mbele ya mfalme, Fumo Kombo, mkalimani alikuwa Mzee Hatimu, aliyewahi kutumika katika merikebu za Wareno na kuokota maneno ya mataifa mengi.

"Ukoo wake ni upi?" mfalme aliuliza.

"Anasema ni Walker, maulana. Katika lugha yao neno hilo ni mtu anayetembea."

Baraza zima likacheka. "Basi ni Mtembezi!" mtu mmoja akapaza sauti, na jina likamganda.

Alipokewa nyumbani na Famau wa Shee, mkuu wa wafumi. Tomasi alijifunza lugha, akasilimu, akapewa jina la Nuhu kwa kuwa alitoka majini. Mwaka wa tatu alikwenda kwa Famau amevaa kanzu safi, akaketi chini, akamposa binti yake, Mwana Esha. Famau aliweka chini uzi aliokuwa akiusokota.

"Nuhu, tabia yako sina la kuitia dosari. Lakini mtembezi hutembea. Simpi binti yangu mtu ambaye hata jina lake linaaga."

"Mzee Hatimu hakusema uongo, bwana wangu, ila neno alilijua nusu," Tomasi alijibu. "Kwetu, kaskazini mwa Uingereza, kuna kutembea njiani na kuna kutembea juu ya nguo. Nguo ya manyoya ya kondoo ikitoka kwa mfumi huwa legevu kama wavu. Hutiwa katika birika la jiwe, ikamwagiwa maji ya moto na udongo, watu wakaikanyaga kutwa hadi nyuzi zishikane, upepo usipite. Babu wa mababu zetu aliitwa Adamu. Makarani wa mwenye ardhi walipokuja kuandika watu wa kijiji, walikuta Adamu wanne. Mmoja wakamwandika kwa kilima alichokaa chini yake, mmoja kwa baba yake, mmoja kwa upara wake. Babu yetu walimkuta birikani, maji yamemfika magotini, wakamwandika kwa miguu yake: Walker, mkanyaga nguo. Kusini mwa nchi yetu kazi hiyohiyo ina neno jingine, na magharibi jingine tena; kwa hiyo wako watu wa koo tatu, kila mmoja na jina lake, ambao babu zao walifanya kazi moja. Hakuna katika sisi aliyekuwa msafiri. Mimi ndiye wa kwanza kuondoka."

Famau aliuokota tena uzi wake.

"Umesema vizuri. Lakini mimi ni mfumi, naamini ninachokishika. Nionyeshe."

Wafugaji wa bara walileta manyoya ya ngamia, Famau akayafuma kwa kulegeza, na Tomasi akapanda katika birika la msikiti wa zamani uliokuwa gofu. Miguu yake ilikuwa haijafanya kazi ile tangu utotoni, alipokuwa akikanyaga ubavuni mwa mama yake, Alisi, lakini ilikumbuka. Akaanza kuimba wimbo ambao mama yake aliutumia kupima hatua. Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Hata hivyo wanawake waliokuwa wakiteka maji waliweka mitungi chini, na Mwana Esha akajifunika uso kwa ukaya wake. Alikuwa mjane, naye aliijua sauti ya mtu anayemwita asiyeweza kuitika.

Famau aliipokea nguo ile, akaivuta, akaielekeza kwenye jua. Jua halikupenya. Alikuwa bado hajatoa jibu vita vilipoingia.

Sultani wa Kiwaridi, mji wa ng'ambo ya mlango wa bahari, alikuwa ametuma ujumbe kwamba wafumi wote wa Ungamwe wahamie kwake na vitanda vyao vya kufumia. Fumo Kombo alijibu kwa maneno machache: "Mwambieni bwana wenu, mfumi si kuku wa kubebwa kwa miguu." Mwezi uliofuata watu wa Kiwaridi waliuzingira mji, wenye ngao za ngozi ya kifaru na magobori ya Kireno. Ukuta uliwashinda, wakageukia moto. Walifunga makumbi ya nazi yenye mafuta kwenye mishale yao, wakapiga mapaa ya makuti. Siku ya kwanza ziliungua nyumba thelathini. Lango la mji lilikuwa la mbao kavu, na kila mtu alijua kwamba nalo zamu yake inakuja.

Tomasi alimwendea mfalme. "Maulana, nguo nzito ikishiba maji hailiwi na moto. Nipe manyoya yote yaliyo ghalani na watu wenye miguu."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Fumo Kombo. "Mpeni."

Kwa siku tisa wafumi walifuma na watu arubaini wakakanyaga kwa zamu, wanawake kwa wanaume, na Mwana Esha mbele yao. Nyimbo za Ungamwe zilichanganyika na wimbo ule wa kigeni. Nguo zikalowekwa maji ya kisima cha chumvi, zikatandazwa juu ya mapaa na kuning'inizwa mbele ya lango kama pazia.

Siku ya kumi mishale ya moto ilinyesha tangu alfajiri. Ilizama katika nguo zile, ikafuka moshi, ikafa. Tomasi alikuwa juu ya lango akimwagia maji pazia, na mshale mmoja ukampiga katika mguu wa kushoto, ukatokea unyayoni. Hakushuka. Adui alipoishiwa mishale, siwa ikalia, lango likafunguliwa, na watu wa Ungamwe wakatoka na mikuki na sime. Kabla jua halijawa utosini, watu wa Kiwaridi walikuwa wakigombania mashua zao.

Jioni Famau aliuosha mguu wa Tomasi kwa mikono yake mwenyewe.

"Huu hautakwenda mbali tena," Tomasi alisema.

"Basi kaa," alisema Famau. "Binti yangu ameshakubali. Mimi tu ndiye niliyechelewa."

Walioana, wakapata mwana, Shee, na binti, Mwana Mkisi. Watu waliacha kumwita Mtembezi, wakawaita wanawe "wa Woka", kama ulimi wao ulivyoweza kulitamka jina la Walker.

Mwaka wa kumi na moja tangu afike Ungamwe, merikebu ya Kiingereza ilitia nanga kutafuta maji. Kati ya mabaharia alikuwamo Gilbati, mtu wa bonde la jirani na kijiji cha Tomasi. Walipojuana walishikana mikono, wakashindwa kuachiana.

"Mama yangu?" Tomasi aliuliza, na lugha ya kwao ikamkwaza mdomoni.

"Alikuwa hai nilipoondoka. Wamejenga kinu cha maji mtoni, birika limekauka. Bado hukaa kando yake."

Nahodha alikuwa tayari kumchukua, yeye peke yake. Lakini merikebu ingepita kwanza Bara Hindi, na katika watu wake mia na arubaini, sitini walikwisha kufa kwa homa na kutupwa baharini.

Mwana Esha alimfungia mzigo bila kuombwa. "Nenda, Nuhu. Mimi nina ndugu sita. Mama yako ana wewe."

Tomasi alichechemea hadi ufukoni, akaingia mashuani, akaketi. Mabaharia walishika makasia. Aliutazama mzigo, akamtazama mkewe aliyesimama wima asitoe chozi, akashuka, maji yakimfika magotini.

"Nikifa njiani, watanililia wanawake wawili badala ya mmoja," alimwambia Gilbati, akitoa nguo mzigoni. "Chukua nguo hii niliyoikanyaga mwenyewe, umpe mama. Nguo haishikwi na homa."

Alisimama pale hadi tanga likapotea. Kwa mwaka mzima baada ya hapo hakuimba.

Nguo ilisafiri miaka miwili na nusu. Gilbati aliifikisha kwa miguu, siku ya mvua baridi, akamkuta bibi kizee macho yamefunga ukungu, ameketi kando ya birika tupu. Akamwekea nguo mapajani. Alisi aliipapasa kutoka pindo hadi pindo, polepole, kisha viganja vyake vikarudi upande mmoja.

"Huku imekanyagwa kwa wepesi," alisema. "Mguu wa kushoto wa mwanangu una nini?"

Gilbati akamweleza yote: moto, lango, mshale, mke, watoto.

"Wanaitwa nani?"

"Shee. Na Mwana Mkisi. Na jina lenu."

Majina yalikuwa magumu kwa ulimi wake. Alimwomba ayarudie, naye Gilbati akayarudia mara ya tatu na ya nne, huku Alisi ameivuta nguo mabegani, hadi akaweza kuyatamka peke yake.

"Shee Walker," alisema, kana kwamba anamwita mtu aliye nje aingie. "Mwana Mkisi Walker."