Kikohozi cha Kinyozi

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia kibandani kwa baba yake kufagia nywele na kukung'uta vitambaa vya wateja. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Siri kwake haikulala.

Baba yake alikuwa kinyozi. Tangu aanze kumeza vidonge vya shinikizo la damu, alishikwa na kikohozi kikavu kisicho na mafua wala homa. Kilimpanda ghafla, wembe ukiwa shingoni mwa mtu. Mwanzoni wateja walimtania. Kisha mmoja akakatwa nyuma ya sikio, na minong'ono ikaenea kwamba kinyozi ana kifua kikuu. Watu wakahamia kwa kinyozi mwingine.

Jioni moja Chiriku alimkuta baba akimwaga vidonge kwenye ndoo ya nywele.

"Baba, hizo si dawa zako?"

"Ndizo zinazonikohoza. Na mimi siumwi popote. Ila mama yako asijue, mwanangu. Nitasemwa mpaka nikome."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Chiriku akafyata ulimi. Kikohozi kikaisha, wateja wakarudi, na baba akaanza tena kuwaambia wenye vipara kwamba wao atawanyoa bure. Chiriku alicheka nao, lakini ile siri ilimlemea.

Siku moja baba alikuwa amemnyoa mteja nusu kichwa. Wembe ukamponyoka. Mdomo ukaenda upande, na maneno aliyosema hakuna aliyeyaelewa.

Hospitalini, daktari aliwaambia kuwa ni kiharusi, akauliza kuhusu dawa. Mama akajibu, "Anakunywa bila kukosa."

Chiriku aliona heri ardhi ipasuke immeze. "Hanywi, mama. Alizitupa. Nilimwona."

Mama akamgeuzia mgongo. Heri angempiga.

Daktari akavuta kiti. "Mwilini kuna kimeng'enya kinachogeuza kemikali dhaifu kuwa kemikali kali inayobana mishipa ya damu. Mishipa ikibanwa, shinikizo hupanda. Vidonge vile vilikizuia kimeng'enya hicho. Lakini hichohicho huvunjavunja kemikali nyingine, inayochokoza njia ya hewa. Kikizuiwa, hiyo nayo hujaa, na baadhi ya watu hukohoa."

"Kwa hiyo si kifua kikuu?" mama akauliza.

"Siyo. Na zipo dawa zinazokiacha kimeng'enya kifanye kazi yake, ila zinaizuia ile kemikali kali isibane mishipa. Angekuja kusema, ningembadilishia siku hiyohiyo."

Siku hiyohiyo. Chiriku alilia mpaka sauti ikamkauka.

Baba alibadilishiwa dawa. Shinikizo likashuka, na kikohozi hakikurudi. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Kibandani sasa anayenyoa ni mtu mwingine, na baba hukaa pembeni kwenye benchi la wateja.

"Nisamehe, baba," Chiriku alimwambia akiwa na ufagio mkononi. "Ningesema mapema."

Baba alichukua muda kuyapanga maneno, maana ulimi bado ulikuwa mzito.

"Kosa ni langu. Dawa ikikusumbua, mwambie aliyekupa. Usiitupe. Na mtu mzima akikuomba umfichie ugonjwa, mkatalie." Akapumzika kidogo. "Hata nikiwa mimi."