Uso wa Mke Wangu Kwenye Bamba la Shaba

Nina miaka arobaini na mmoja. Nilizaliwa Kasubi, nikajisomesha Italia kwa kuosha vyombo hotelini, nikarudi na diploma ya kuchonga picha kwenye shaba. Kampala nzima hakukuwa na wa pili wangu! Lakini ninayowasimulia yananitia kichefuchefu mpaka leo...

Zamani huko Ulaya, mabingwa walichora hadithi za miungu ya Wagiriki, na mafundi wakazichonga kwenye mabamba ya shaba ili wachape nakala nyingi. Niliyoipenda kupita zote ni ya Dafne, msichana aliyechorwa uchi akikimbizwa na mungu Apolo. Alipokaribia kukamatwa alimlilia baba yake, akageuzwa mti.

Niliinakili mstari kwa mstari. Uso tu ndio nilioubadilisha... nikaweka wa mke wangu, Zaituni. Alipouona alicheka, akasema, "Bwana wee, umenivua nguo mbele ya dunia!" Nikamwambia hiyo ni sanaa. Nani angemjua?

Kassim alimjua. Tulikua pamoja, na alikula kwangu karibu kila siku. Aliomba nakala moja anitafutie wateja sokoni Nakivubo. Nikampa kwa maringo. Kumbe akaipeleka kwa kapteni mmoja wa jeshi lililoitawala nchi wakati ule! Kapteni akauliza kama mwanamke yule yuko hai. Na rafiki yangu... akamwelekeza mlango wangu!

Askari walikuja kumchukua mchana, majirani wakitazama. Zaituni aliniita, nami bunduki ilikuwa kifuani pangu. Baba wa kumgeuza mti angetoka wapi? Nilipomfuata kambini, askari mmoja mwenye huruma alininong'oneza nisirudi kama naupenda uhai wangu.

Haukupita muda, Kassim akapewa duka la Mhindi aliyefukuzwa nchini. Siku moja akaja kwangu. Kuomba radhi? Wapi! Alikuja ananukia manukato, mkononi ana nyama ya kuchoma.

"Profesa, maafande wameipenda kazi yako! Wanataka nyingine. Safari hii weka sura ya yule nesi, jirani yako."

Nikamuuliza Zaituni yuko wapi. Akajilamba mafuta vidoleni.

"Aa, ssebo, bwana wangu, wanawake wamejaa Kampala. Wewe chonga, utajirike."

Nilitapika palepale, juu ya viatu vyake vipya!

Alipoondoka nilimkimbilia yule nesi. Jioni ile ile yeye na mama yake walipanda basi la Busia, wakavuka mpaka. Kisha nikachukua kikwangulio, nikaufuta uso wa mke wangu kwenye shaba, asipatikane mtu wa kuuchapa tena. Sikuwa na picha yake nyingine yoyote...

Utawala ule wa kijeshi ulianguka. Nimemtafuta Zaituni kila nilikosikia jina lake, sijampata. Kassim bado yupo, mnene, na tukikutana hunisalimia kwa kicheko!

Wasomaji wenzangu, anayekula kwenu kila siku si lazima awe ndugu. Na kama mna mtu mnayempenda, msimtembeze mtaani ili msifiwe ninyi. Mimi nilitaka Kampala yote ione ninavyojua kuchonga... Ikaona.