Mchumba Aliyelikalia Taulo

"Usimlishe haraka, atapaliwa," Lukman alisema, akaushika taratibu mkono wa Hadiya uliokuwa na kijiko.

Yassin alikuwa ameegemezwa kwenye mito barazani, nyumbani kwao Igombe, mdomo wazi akisubiri uji. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa bondia ambaye watoto wa mtaa mzima walimkimbilia wakimuiga anavyorusha ngumi. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalimtoka moja moja, mengine hayatoki kabisa.

"Nimeongea na baba yako mdogo," Lukman aliendelea. "Ijumaa atakuoza yeye."

"Wali wangu, wa kuniozesha, ni Yassin."

"Najua, mpenzi. Lakini sheikh amesema wali lazima awe na akili timamu. Kaka yako siku nyingine hata jina lako halimjii."

Hadiya alimpa Yassin kijiko kingine, taratibu. Tangu baba yao afariki, huyu kaka ndiye aliyemsomesha kwa ngumi zake. Na ni yeye aliyemleta Lukman nyumbani. Lukman mwenyewe alikuwa bondia mwenye mkanda, sura yake imebandikwa hadi kwenye vibanda vya chipsi, na juu ya hapo alikuwa meneja wa Yassin.

"Meneja wangu ni shemeji yangu, sasa nani ataniuza?" Yassin alikuwa akitamba kijiweni. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anawakumbuka wahenga akiwa anaitwa shemeji?

Tangu Yassin aanguke ulingoni, dawa zote alinunua Lukman, na gari la kumpeleka hospitali lilikuwa lake. Bimdogo, mama yao, alikuwa ameacha kumwita mkwe. Alimwita mwanangu.

Jumatatu ya wiki ile ya harusi, Hadiya akiwa anaanua dagaa wa mama yake, simu ilitetemeka. Ujumbe ulitoka kwa Msafiri, yule aliyekuwa akimhudumia Yassin kwenye kona ya ulingo.

*"Dada Hadiya, naomba unipigie. Usipolijua hili kabla ya Ijumaa, mimi nitakuwa na dhambi."*

Akapiga.

"Msafiri, kuna nini?"

"Dada, promota aliyeandaa lile pambano la Yassin unamjua?"

"Si yule bosi wa Dar?"

"Hakuna bosi wa Dar. Ni Lukman. Kampuni ya ngumi ni yake, ameficha kwa jina la binamu yake kwa sababu haruhusiwi kuwa meneja wa bondia na mwenye pambano kwa wakati mmoja."

"Sasa kama ni yake, ndiyo nini? Mtu kutafuta ni dhambi?"

Msafiri alikohoa. Alipoanza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Raundi ya tatu Yassin alikuja kwenye kona akaniambia jicho la kulia halioni. Nikachukua taulo nilirushe ulingoni, pambano liishe. Lukman akaninyang'anya. Akaniambia, 'Mapambano mawili ya mwanzo yamevunjika, watu wameshaanza kurusha chupa. Na hili likiisha sasa hivi mdhamini anakimbia. Mwache aende raundi mbili tatu.' Akaliweka kwenye kiti, akalikalia."

"Akalikalia?"

"Alilikalia, dada. Yassin akawa anageuka kututazama. Raundi ya tano akaanguka."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilinyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa ananilipa."

Hadiya alikata simu. Alikaa chini palepale kwenye mchanga, katikati ya dagaa, akalia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Kesho yake alimkuta Lukman huko Buswelu, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kwa ajili yao wawili. Fundi alikuwa akipanga marumaru sebuleni. Lukman alimpokea kwa tabasamu la kuonyesha meno yote.

"Bibi harusi! Njoo uone jiko lako."

"Lile taulo ulilikalia?"

Tabasamu likafa. Alimtuma fundi akanunue maji.

"Nani amekwambia?"

"Nimekuuliza swali, Lukman."

"Hadiya, sikiliza. Sikujua kama ameumia kiasi kile. Mabondia husema hawaoni, wakipumzika wanaona. Mimi mwenyewe nimepigana na jicho limefumba."

"Wewe ulipigana kwa kutaka kwako. Yeye alikwambia haoni."

"Nilikuwa na ukumbi mzima unapiga kelele! Pambano lingevunjika ningefilisika siku ileile."

"Kwa hiyo ulikuwa promota. Na meneja wa Yassin alikuwa wapi?"

Mtu aliyezoea kukwepa makonde ya wanaume wenzake hakujua pa kulikwepea hilo.

"Nilifanya yote kwa ajili yetu," alisema hatimaye. "Hii nyumba, harusi yako..."

"Usinitwishe mimi!" Hadiya alipiga kelele. "Mimi sikukuomba marumaru!"

Lukman akamsogelea, machozi yakimlengalenga. Na yalikuwa machozi ya kweli, tusimsingizie. Yule mwanaume alimpenda, na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipokuwa.

"Ukilisema hili nafungiwa ngumi maisha. Nikifungiwa, dawa za Yassin zitatoka wapi? Fikiria kabla hujafungua mdomo."

Jioni Hadiya alimweleza mama yake kila kitu. Bimdogo alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama! Amemuua mtoto wako akiwa hai!"

"Unadhani sijasikia? Mimi ndiye niliyemzaa." Mama alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Lakini daktari amesema akikatiza mazoezi na dawa, hata huo mkono mmoja utalala. Nitauza dagaa kiasi gani nimtibu? Olewa, Hadiya. Umchukie ukiwa ndani, kaka yako atibiwe."

Hadiya aliinuka akaenda kumnywesha Yassin dawa. Siku mbili alizunguka ndani kichwa chini, na mipango ikaendelea. Akapakwa hina, akafukizwa udi. Mashoga zake walidhani ni haya.

Ijumaa baada ya swala, Igombe ilifurika. Lukman alikaa kwenye mkeka uani, kanzu nyeupe pee, baba mdogo pembeni yake. Yassin alivalishwa kanzu naye, akaegemezwa ukutani awaone watu. Sheikh na mashahidi wawili wakaja mlangoni kwa bibi harusi kuchukua idhini, kama ilivyo kawaida.

"Binti Hadiya, unaridhia baba yako mdogo akuoze kwa Lukman, kwa mahari mliyokubaliana?"

Kimya. Shoga yake akacheka kidogo, "Anaona aibu, sheikh, muulize tena."

Sheikh akauliza tena.

Hadiya alisimama, akaufunua ushungi. Aliwapita wote watatu, akatokea uani, viatu mkononi.

"Siridhii," alisema. "Huyu bwana alikuwa meneja wa kaka yangu, na pambano lilikuwa lake pia. Yassin alimwambia haoni. Likaletwa taulo la kumwokoa, yeye akalikalia ili watu wasidai viingilio vyao. Leo ananitaka mimi, na wali wangu hawezi kutamka hata jina langu. Siridhii, hata kama tutakula ugali kwa chumvi."

Uwanja mzima ukageuka. Baba mdogo alimtazama Lukman.

"Kijana, maneno haya ni ya kweli?"

"Baba mdogo, nilipanga kumweleza baada ya ndoa."

Hakuna aliyehitaji jibu jingine. Sheikh akakunja karatasi zake. Wanaume wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakitafuta viatu. Msafiri alikuwa getini, anapiga simu kwa wasimamizi wa ngumi, safari hii bila kukohoa. Lukman alimgeukia Hadiya, naye akampa mgongo. Lukman akaondoka na gari lake bila kuagana na mtu.

Bimdogo alibaki mlangoni, kashika tama. Hakumlaumu binti yake wala hakumsifu.

Kule ukutani, Yassin alikuwa akihangaika. Alitazama mikeka ikibaki mitupu kama viti vya ukumbi baada ya pambano, na machozi yakaanza kumtiririka. Hadiya akamkimbilia, akapiga magoti.

"Nini, kaka?"

"Wa... watu wanaondoka." Alipigana na kila neno. "Nimepi... nimepigwa?"

"Hapana, kaka. Hujapigwa."

"Lukman... anasemaje?"

Hadiya alimfuta mdomo kwa ushungi wake wa harusi.

"Hasemi kitu," alimjibu, kisha akamwomba mama yake alete pilau, maana Yassin alikuwa hajala tangu asubuhi.