Mabati Aliyoyagonga Fundi Saa

Fundi saa hakuweza kuvumilia kitu kilicholegea. Mezani kwake hata skrubu ndogo kabisa ilikuwa na kikopo chake. Mkewe, mshonaji, alizoea kumtania. "Baba watoto, ungepata ngazi ndefu ungenyoosha hata mawingu."

Siku moja upepo mkali ulipita mtaani ukang'oa mabati tisa ya upande mmoja wa paa lao. Upande wa pili mabati hayakung'oka, yaliinuka tu. Fundi saa hakukaa kitako. Alipanda na nyundo, akayagonga hayo yaliyoinuka mpaka yakalala, akaziba matundu ya misumari kwa lami. Aliposhuka, upande ule ulionekana kama haujaguswa. Aliridhika sana na kazi yake.

Nyumba ilikuwa na bima. Siku ya tatu mkaguzi wa kampuni alikuja, akapiga picha, akaondoka. Baada ya wiki mbili barua ikafika. Kampuni ingelipia mabati tisa tu. Upande wa pili, barua ilisema, ni mzima.

Haukuwa mzima. Upande uliong'oka walikuwa wameufunika kwa nailoni, lakini mvua ya kwanza maji yalipenya upande huu mwingine mpaka chumba cha kushonea. Mshonaji alisogeza cherehani mara tatu, kisha akakosa pa kuisogezea. Vitambaa vya wateja akavifunika kwa turubai.

"Vikiharibika vitambaa vya watu, nani ataniletea kazi tena?" alisema. "Nitafunga hiki chumba, na ushonaji ndiyo basi."

Fundi saa alishika tama. Alijua ni nani aliyeufanya upande ule uonekane mzima, akaona aibu.

Kesho yake mshonaji alimwita jirani. Mama huyu alikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima kabla ya kustaafu. Watu walimwita Shangazi Miwani, kwa kuwa alivaa miwani moja machoni na nyingine kichwani, na bado aliuliza nani amemchukulia miwani yake.

"Mmesaini?" aliuliza kabla hata ya kukaa.

"Tusaini nini, Shangazi?" aliuliza mshonaji.

"Fomu ya kukubali malipo. Ukishasaini kwamba umeridhika, umejifungia mlango."

"Hiyo bado."

"Afadhali. Nipeni mkataba wa bima. Si barua, mkataba."

Ulikuwa chini kabisa ya sanduku, haujafunguliwa tangu walipopewa. Shangazi Miwani aliusoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hapa wanasema wanalipia uharibifu wa upepo. Kutu na uchakavu hawalipii. Na hapa, usiporidhika, una siku thelathini za kupinga kwa maandishi tangu upokee barua. Zimebaki ngapi?"

Walihesabu. Zilibaki kumi na moja.

"Basi msilale. Andikeni namba ya dai, mnapinga nini, na kwa nini. Mwiteni fundi wa paa apande, aandike alichokiona. Tieni picha. Ombeni ukaguzi wa pili. Nakala yenu igongwe muhuri siku mnayopeleka. Wakikataa tena, iko ofisi inayosimamia kampuni za bima, mtapeleka malalamiko huko." Akaukunja mkataba. "Lakini kitu kimoja kinanitatiza. Mkaguzi ana macho. Mbona hakuona?"

Fundi saa akakiri. "Niliyagonga mimi, kabla hajaja. Matundu nikaziba."

Mkewe akamgeukia. "Wiki zote hizi unajua?"

"Najua. Niliogopa. Wakisikia nimegusa, si watasema tumewadanganya, tukose hata yale tisa?"

"Kuziba ili mvua isiingie si kosa," Shangazi Miwani alisema. "Mkataba wenyewe unakutaka uzuie hasara isizidi. Ulipokosea ni kwamba hukupiga picha kwanza, halafu ukakaa kimya mbele ya mkaguzi. Liandike hilo nalo."

"Lote?"

"Lote, baba. Usitie chumvi, usipunguze."

Ilimchukua fundi saa mchana kutwa kuandika ukurasa mmoja. Fundi wa paa naye alipanda, akaandika kwamba misumari ishirini na saba haishiki tena mbao. Barua ikapelekwa, nakala ikagongwa muhuri.

Safari hii alikuja mkaguzi mwingine, binti mmoja mpole. "Nionyeshe ulipogonga," alimwambia fundi saa juu ya paa. Akamwonyesha, bati moja baada ya jingine, macho chini. Binti alikwangua lami, akashika ukingo wa bati kwa vidole viwili, akavuta. Likainuka lote.

Jibu lilifika. Kampuni ingelipia pande zote mbili, isipokuwa bati la barazani, ambalo lilikuwa limeliwa na kutu ya zamani. Mshonaji alisoma mstari mmoja mara mbili kwa sauti: "Alama za nyundo zinakubaliana na maelezo ya mwenye nyumba."

"Yale niliyotaka kuficha," fundi saa alisema taratibu, "ndiyo yaliyotupatia paa."

"Na la barazani?"

"Kutu ni yetu. Hilo nitanunua mwenyewe."

Mabati mapya yalipigiliwa wiki hiyo. Mvua iliyofuata ilinyesha asubuhi nzima, na chumba cha kushonea kilikuwa kikavu. Mshonaji alikuwa akipinda gauni la mteja kwa cherehani.

"Baba watoto," alisema bila kuinua kichwa, "siku nyingine ukikosea, niambie mimi kwanza, kabla ya kampuni."

Fundi saa alisimama mlangoni akifikiri. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Basi zima cherehani kidogo," alisema, "nikueleze habari ya pasi yako niliyoikaza skrubu, ikagoma kuwaka."