Chini ya Mti wa Kanga

Ekseli ya nyuma ilikatika katikati ya pori la Katavi, kiangazi cha mwaka 1993, na lori la mahindi kutoka Kibaoni likainamia upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa. Nyanzala alishuka kutoka juu ya magunia, mwanawe Minza akiwa mgongoni. Dereva, Salvator, hakuuliza kama wameumia. Alibeba dumu la maji, lote, akasema anafuata fundi kule Sitalike.

"Na mtoto anywe nini?"

"Nyie Wasukuma si mmezoea kiu na ng'ombe wenu? Nitarudi jioni. Na gari likipita, mama Minza, jificheni. Tajiri akijua nimebeba abiria, kazi sina."

Nyanzala akatii. Hapo ndipo alipokosea, na mama yeyote anayepanda juu ya magunia asikie vizuri. Mchana uleule gari dogo lilipita, naye akalala kwenye nyasi, akamziba mtoto mdomo, mpaka vumbi likatua. Jioni Salvator hakurudi. Wala asubuhi.

Kesho yake midomo ya Minza ilipasuka. Nzi wa ndorobo walimng'ata mpaka kope zikavimba, na akilia machozi hayatoki. Nyanzala alipoona hivyo hofu ilimwisha, ikabaki hasira. Alijiapiza hatakufa kabla hajamwona tena yule mwanaume.

Jua lilipoanza kushuka, kanga wakakatiza barabara, mmoja nyuma ya mwenzake, kimya, wana haraka. Tangu akichunga kwao Nyanzala alijua kwamba kanga hapandi mtini kulala kabla hajanywa. Wakienda kimya kwa mstari, wanafuata maji. Ukisikia kelele, wameshakunywa, wanagombania matawi.

Akawafuata kwa mbali asije akawarusha. Miba ilimchana miguu mpaka kwenye mto mkavu, ambako chini ya ukingo kulikuwa na kidimbwi cha kijani kinachonuka nyati. Alichimba mchanga pembeni yake kwa mikono, maji yakaanza kujikusanya. Alichovya ncha ya kitenge, akamdondoshea Minza kidogo kidogo asitapike, mpaka mtoto akalia na chozi likatoka.

Juu ya ukingo kelele zikaanza. Kanga walirukia mgunga mkubwa, lakini hawakutulia. Walitua, wakaruka tena. Kulikuwa na mtu chini ya mti.

Alikuwa Salvator. Jana yake alipita njia ya mkato, akapotea, akasikia kelele za kanga na kutamani nyama. Akapanda kuwakamata wamelala. Tawi likakatika, na mguu ukavunjika chini ya goti. Dumu lilikuwa tupu ubavuni mwake. Maji yalikuwa pale pale nyuma ya ukingo, na hakujua.

"Mama Minza," alinong'ona. "Maji."

Nyanzala akachukua dumu, akashuka, akalijaza, akarudi kukaa mbele yake. Akamnywesha Minza. Akanywa yeye. Akamwosha mtoto uso, taratibu, maji yakidondoka vumbini na Salvator akiyatazama yanavyozama. Ndipo akammiminia kidogo kiganjani.

"Umeshazoea kiu, kaka?"

Kila funda alimfanya aliombe. Giza lilipoingia kanga walitulia, wakaficha vichwa, na mavi yao yakamdondokea Salvator usiku kucha. Nyanzala hakumsogeza.

Asubuhi gari lilinguruma barabarani, likasimama kwenye lori. Nyanzala alimfunga mtoto mgongoni, akabeba dumu.

"Usiniache," Salvator alisema.

"Gari limekuja, kaka Salvator. Jifiche. Tajiri asije akajua."

Walikuwa wahifadhi. Walimpandisha, wakamuuliza wako wangapi.

"Wawili."

Gari likaondoka. Nyanzala aligeuka, akautazama ule mgunga mpaka ukapotea, akijua kwamba Salvator anasikia mlio ukififia, kama yeye alivyousikia akiwa kwenye nyasi. Alimwacha ausikie mpaka uishe. Kisha akamgusa dereva begani.

"Rudi. Kuna mwingine, chini ya mti wa kanga."

Salvator yupo Mpanda, anachechemea. Akimwona Nyanzala sokoni, anavuka barabara. Na Nyanzala hapandi gari lolote mpaka dumu lake mwenyewe liwe katikati ya miguu yake, na dereva akimwambia ajifiche, anashuka hapo hapo na mtoto wake.