Ukuta wa Bibi Zamda

Haya yalimfika mume wa shangazi yetu Hajira, kwa hiyo si habari za kuokota njiani. Aliitwa Mhina. Alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kipya cha ujamaa, kile kilichopangwa kando ya barabara ya Kwedizinga mwaka wa Operesheni Vijiji. Mtu wa kupendeza kumtazama: mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa, kadi ya chama mfukoni, na sauti ya kuitisha mkutano bila kengele. Shambani alikwenda pekupeku, lakini nani siku zile alikuwa na viatu vya kulimia? Asubuhi moja alikunywa uji wake, akabeba jembe, akamuaga mkewe, akaenda kutazama mahindi yake kule mahameni, makazi ya zamani tulikotolewa wote.

Nyumba nyingi huko zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ya Bibi Zamda ilikuwa bado imesimama. Bibi huyu alikuwa mjane na mkunga, ndiye aliyempokea Mhina siku ya kuzaliwa kwake, na mwanawe wa pekee alifia kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Siku ya kuhama alikaa kizingitini akagoma kunyanyuka, ikabidi Mhina ambebe mpaka kwenye trekta huku akimbembeleza. Nyumba ile ilikandikwa kwa udongo mwekundu wa kichuguu, laini, hauna mchanga hata chembe. Mvua ikiupiga, hutoa harufu inayoingia mpaka kwenye mizizi ya meno.

Na usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Mhina alipopita nyuma ya nyumba, harufu ilimkamata, mate yakamjaa mdomoni. Akatazama huku na huku. Akapachika kucha ukutani, akabandua kipande, akakitia kinywani. Kiliyeyuka taratibu juu ya ulimi, naye akafumba macho kwa utamu wake.

Najua mtasema udongo unaliwa. Ndiyo, wajawazito wanakula, unauzwa sokoni umepangwa mafungu, wala hakuna anayewacheka. Lakini mwanamume! Balozi mwenye ndevu zake! Angechekwa kuanzia Handeni mpaka Korogwe, na kwenye ngoma wangemtungia wimbo. Mhina alijua hivyo, akasukutua, akaapa kwamba hatarudia. Kesho yake alirudi, na keshokutwa, mpaka shimo la ukutani likaweza kumeza kichwa cha ng'ombe. Kila alipotoka huko alijidharau, na kila alipoamka aliutamani.

Siku moja Bibi Zamda alikwenda mahameni kuchuma mlenda, akamkuta amechuchumaa, mashavu yamejaa.

"Shikamoo, bibi," alisema Mhina, na maneno yakatoka pamoja na udongo.

Bibi aliutazama ukuta wake. Akamtazama na yeye. Kisha akashika ncha ya kanga, akamfuta mdomo kama anavyofutwa mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Usiingie kijijini na midomo myekundu."

Akaendelea kuchuma mlenda wake. Wala hakumwambia mtu, maana kijiji kile siri hailali siku mbili bila kusikika, na hii haikusikika. Mhina alitamani ardhi impasukie. Kwa muda akajizuia, halafu hamu ikamshinda tena.

Hapo ndipo alipoanza kusikia. Alikuwa akikwangua, akasikia na upande wa ndani unakwanguliwa. Akaacha. Kule nako kukaacha. Akakwangua kidogo, kwa ukucha mmoja. Kule kukakwanguliwa kidogo. Alizunguka akachungulia mlangoni: hamna mtu, nyasi zimeota sakafuni, paa nusu liko wazi. Alikimbia mpaka barabarani. Lakini mjue hamu ile ilivyokuwa: kesho yake alikuwa pale pale, anatafuna, na ndani kunakwanguliwa.

Mwili ukaanza kumwacha. Uso ulivimba asubuhi, miguu ikavimba jioni. Kupanda kilima kidogo alipumzika mara kadhaa, moyo unampiga mpaka masikioni. Viganja vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga wa muhogo. Hajira alilia jikoni akidhani hasikiki.

Salimu, kaka yake Hajira, hakulia. Yeye alikuwa mtu wa kutafuta mkosaji.

"Shemeji, wewe unanyonywa damu," alimwambia. "Nani alibebwa kwa nguvu siku ya kuhama? Nani ana kinyongo na wewe?"

Mhina alijua anakoelekea. Angeweza kumkata kauli pale pale. Alikohoa tu.

Wakakusanyika mbele ya duka la ujamaa, alasiri, watu wazima wote. Salimu alisema yake, mwingine akaongeza kwamba amemwona Bibi Zamda akienda mahameni peke yake mara nyingi, mwingine akakumbuka mbuzi aliyekufa. Bibi alisimama katikati, mdogo, ameinama kwa uzee, anasikiliza. Walipomaliza alimgeukia Mhina.

"Mhina mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "una neno la kuwaambia hawa?"

Nyie, neno alikuwa nalo! Lilikuwa moja tu na fupi. Udongo wa asubuhi bado ulikuwa umemganda kwenye magego, ulimi wake unaugusa. Watu wote walikuwa wakimtazama. Akaona jinsi watakavyocheka, akaona watoto wakimfuata nyuma na kutafuna vidole.

"Sina neno, bibi," alisema.

Bibi Zamda alitikisa kichwa, kama mtu aliyeulizia chumvi akaambiwa imekwisha. Alikwenda akachukua mkeka na sufuria yake, akashika njia ya mahameni. Hakuna aliyemsukuma, wala aliyemzuia. Baadaye walisikia ameezeka sehemu ya paa kwa nyasi na kutia mlango wa mabanzi, akawa anaishi humo peke yake.

Mhina hakukanyaga tena kule. Alikula udongo wa mafiga nyumbani, usiokuwa na ladha, na akazidi kuvimba. Masika yakaingia kwa nguvu. Wiki ile ile alianguka akipanga foleni ya sukari, akapakiwa kwenye gari lililokuwa likipita, akapelekwa Handeni kwa matibabu.

Daktari aliyempokea aliitwa Eliasi, kijana wa Kisambaa kutoka Dindira, mpole. Alimfunua kope, akamtazama ulimi, akambonyeza kucha na kungoja rangi irudi. Haikurudi upesi. Akamwomba Hajira akachote maji, na Hajira alipotoka akauliza:

"Mzee, unakula udongo?"

"Mimi? Hapana."

"Hapa tuko wawili tu."

Mhina alitazama ukuta. "Ninakula," alisema.

Eliasi hakucheka. Alimweleza kwamba damu hupungua kwa njia nyingi. Malaria hupasua chembe zake. Kuna watoto wanaozaliwa na chembe zilizopinda kama mundu, wamerithi kwa baba na kwa mama, na majirani husema wamerogwa. Kuna anayekosa chakula cha kujenga damu, kuna mama anayevuja sana akijifungua.

"Yako ni safura," alisema. "Minyoo myembamba kama uzi. Ilipenya kwenye nyayo ulipokuwa ukitembea pekupeku, ikajibanza kwenye utumbo. Inakufyonza."

"Kwa hiyo ni kweli nanyonywa?"

"Na minyoo, mzee. Si na mtu. Na hiyo hamu ya udongo huwapata wengi waliopungukiwa damu. Ni ugonjwa, si aibu. Ungesema tu mapema."

Ungesema tu mapema. Mhina aligeukia ukutani akalia, na Eliasi akadhani analilia afya yake.

Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Alipopata nguvu ya kutembea aliomba ruhusa, akapanda gari, na aliposhuka hakuingia kwake. Alikwenda moja kwa moja mahameni, mvua nyepesi ikinyesha, akifanya mazoezi ya maneno njiani. Angemrudisha Bibi Zamda kijijini kwa mkono wake. Angesimama mbele ya duka. Wacheke wakitaka.

Mlango wa mabanzi ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Hodi."

Akagonga mabanzi kwa kiganja.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mwanangu."

Sauti ilikuwa ya chini, kavu. Mhina alishukuru kwamba mlango haukufunguliwa, maana uso kwa uso asingeweza. Aliegemeza kipaji kwenye mabanzi, akasema yote. Udongo. Hamu. Mkutano. Safura. Jinsi alivyoogopa kuchekwa.

"Najua," ilisema sauti.

"Nimekuja kukuchukua. Nitawaambia wote."

Ndani kulianza kukwanguliwa. Polepole. Kukaacha. Kukaanza tena.

"Bibi, nifungulie."

"Siwezi kunyanyuka. Pitia mlango wako, kule nyuma."

Mhina alibaki amesimama. Mlango wake? Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja tu. Kisha akaelewa. Alishika ukuta. Akazunguka kona ya kwanza. Akazunguka ya pili.

Ukuta wa nyuma haukuwapo.

Ulikuwa umeangukia ndani. Ulikatikia pale pale alipokuwa akila. Mvua ilikwisha kulainisha mabonge yake, na mbegu zilikuwa zimechipua juu. Siku nyingi. Mguu mmoja ulionekana. Na mkono. Mkono ulikuwa umetokeza kwenye udongo hadi kwenye kiwiko, vidole vimekunjwa, kucha zimekatika zote. Bibi Zamda hakufa mara moja. Alikwangua.

Inzi walikuwa wametanda. Mlangoni hakuwa amesikia harufu yoyote.

Watu waliokuwa wakitoka mashambani walimkuta Mhina akichimba kwa mikono, akiomba radhi. Wakamzika bibi siku ile ile, upesi, kwa hofu. Udongo wa mwisho ulipotupwa, Mhina alisimama akatimiza alilokusudia. Alisema kwa ile sauti yake ya mikutano, pasipo kuficha kitu: nilikuwa nakula udongo, ukuta nimeuangusha mimi, bibi huyu hakumroga mtu.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka! Walimtazama kwa huruma. Mzee mmoja akavuta tasbihi na kusema, "Maskini, bibi kamharibu mpaka akili." Salimu akamshika shemeji yake bega, akamwongoza nyumbani taratibu.

Na dawa zikafanya kazi. Uvimbe ulishuka, pumzi ikarudi, viganja vikawa vyekundu, na hamu ya udongo ikaisha kabisa. Sasa fikirieni aibu hii nyingine. Kila aliyempa mkono alikigeuza kiganja chake na kuwaonyesha wenzake: "Mnaona? Mchawi kafa, damu imerudi." Afya yake ndiyo ikawa ushahidi. Alifikiria kuviacha vidonge ili adhoofike, wapate kuamini, lakini Hajira alimtilia mdomoni na kusubiri ameze. Naye alimeza. Alitaka kuishi, na hilo nalo lilimwaibisha.

Kitu kimoja tu hakikupona. Ncha za vidole vinne vya mkono wa kulia, vile alivyokwangulia, zilibaki nyeupe kama chaki, na baridi. Alirudi kwa Eliasi. Eliasi alibonyeza, akasogeza mkono dirishani, akachoma kwa sindano. Hakikutoka kitu. Aliandika jambo, akalifuta, akamwambia arudi mwezi ujao. Mwezi uliofuata ilikuwa vile vile.

Tangu hapo Mhina aliacha kula sinia moja na wanaume wenzake. Alisubiri wamalize, ndipo ale makombo, amewapa mgongo. Ubalozi aliuacha. Kila aliyemuuliza kuhusu vidole alimweleza habari ya ukuta, yote, toka mwanzo, na kila mmoja aliondoka akimhurumia.

Aliishi miaka mingi hivyo. Alipokufa alikuwa amelala kitandani zaidi ya mwezi, hawezi hata kugeuka, Hajira ndiye akimlisha na kumwosha. Salimu aliingia kuosha maiti pamoja na wanaume wengine wawili. Wale walishughulika na miguu, yeye akachukua mkono wa kulia.

Chini ya kucha nne kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi.

Salimu alichukua kijiti akazisafisha, moja baada ya nyingine. Akamimina maji ya mkunazi. Akautazama mkono tena. Kucha zilikuwa zimejaa. Akasafisha mara nyingine, haraka, na udongo ukatoka mwingi kuliko wa kwanza, una harufu ya mvua. Hapo Salimu alisikia midomo yake mwenyewe ikisema, bila kupanga, "Bibi Zamda, tusamehe."

"Unasemaje?" aliuliza mmoja wa wale wawili, akiinua uso.

Salimu aliuvuta mkono ule, akauingiza ndani ya sanda iliyokuwa imetandikwa kando, akakunja kitambaa juu yake mara mbili.

"Nasoma dua," alisema.